Wastani wa Binti Yangu

Mimi nalala Kenya na kufanya kazi Uganda. Nyumba yetu iko Busia upande huu, kibanda changu cha vitenge kiko Busia upande ule, na kila asubuhi navuka na mkoba wangu nikisalimiana na askari wale wale. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuniambia sijui kubadilisha. Nipe shilingi ya Uganda, nitakwambia ni ngapi ya Kenya kabla hujafunga mdomo. Lakini gredi ya binti yangu ilinishinda. Nilizunguka nayo mwaka mzima huku na huko, na kila niliyemuuliza thamani yake alinipa bei yake mwenyewe.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mwezi wa kwanza, nikiwa kibandani. Binti yangu alinitumia ujumbe mfupi: "Mama, C+." Basi, hakuna neno lingine. Nilipiga ukelele mpaka mama wa viatu aliye mkabala nami akadhani nimeibiwa. Kwetu upande wa Kenya C+ ndiyo mlango. Ukiwa chini yake utaambiwa uende chuo cha ufundi, ukiifikia utaambiwa wewe ni mtu wa digrii. Hilo hata asiyejua kusoma analijua. Nilifunga mapema, nikanunua kuku wawili na mchele, nikavuka mpaka nikiongea peke yangu.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliwaita mbele waliofaulu wasimame pamoja na wazazi wao. Nilicheza mpaka kilemba kikaanguka, na kina mama wakanisukuma katikati ya duara nicheze tena. Binti yangu alisimama pembeni akitabasamu kwa midomo tu. Nilidhani anaona haya kwa sababu yangu, maana mimi nikishaanza kucheza siachi.

Baba yake ni dereva wa trela, maisha yake yako njiani kati ya Mombasa na Juba. Alipiga simu usiku ule ule.

"C+ ni yunivasiti?" akauliza.

"Ni yunivasiti."

"Basi mwambie asome sheria."

"Sheria ya wapi? Wewe humjui mtoto wako?"

Kila mtu nyumbani kwetu alijua kwamba msichana huyu anataka unesi. Alikuwa bado shule ya msingi mama yangu alipopata kidonda cha mguu kwa ugonjwa wa sukari, kule nilikozaliwa, Paya, wilaya ya Tororo, Uganda. Kila likizo alikuwa akiomba aende kwa bibi. Kidonda kile sisi watu wazima tulikuwa tunakiosha tukiwa tumegeuza uso, mimi nikiwa wa kwanza kugeuza. Yeye alikuwa akikaa chini kwenye mkeka, anakiangalia vizuri, anauliza kama leo kinauma kuliko jana. Bibi yake alifariki mguu ukiwa umefungwa bandeji aliyoifunga yeye. Tangu hapo hakuwahi kutaja kazi nyingine, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Wakati wa kuchagua kozi ulipofika tulikwenda pamoja mahali pa kompyuta karibu na stendi. Nilivaa vizuri, utadhani ni mimi ninayetafuta chuo. Akaingiza namba zake, akatafuta unesi wa digrii, akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba hana sifa. Akatafuta chuo kingine, ikawa vile vile. Akashuka mpaka unesi wa diploma, nyekundu tena.

"Umeandika vibaya," nikamwambia. "Si una C+?"

"Ninayo, Mama."

"Sasa mashine inataka nini?"

Ndipo akanieleza, polepole, kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa wameanza kugeuka. C+ ni wastani. Wanachukua hisabati, wanachukua lugha moja, halafu wanachagua masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi, wanajumlisha na kugawanya. Yeye alikuwa na B+ ya Kiswahili na B+ ya dini. Biashara ilikuwa nzuri. Historia na Kiingereza hazikumwangusha. Kemia alipata D-, lakini kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, haikuingia kwenye hesabu. Iliachwa nje. Na fizikia hakuifanya kabisa. Wanaopokea manesi hawaangalii wastani peke yake. Wastani unakufikisha getini, pale mlangoni wanauliza biolojia yako, kemia yako, hisabati yako, moja moja.

Nilimtazama. "Ulijua haya tangu lini?"

"Siku ile ile ya matokeo."

"Na mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaimba," akasema.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka nje, nikasimama juani nikiwa nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Nilianza na mashine, nikaja kwa serikali, nikaja kwa mchungaji aliyetusimamisha mbele bila kuuliza chochote. Kisha nikakumbuka fizikia. Mtu hawezi kutaka unesi tangu utotoni halafu aache fizikia kwa hiari yake. Kuna aliyemwambia aache.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Sitaitaja shule, na ukipita hiyo barabara utaona zote zimefanana. Getini walikuwa wametundika bango kubwa, limeandikwa wastani wa shule mwaka huu na wastani wa mwaka uliopita, na mshale mwekundu unaopanda. Chini yake picha za walimu wamevaa tai. Naibu mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniletea kiti na soda, akidhani nimekuja kushukuru.

"Hongera sana mzazi," akasema. "C+ si mchezo."

"Mwalimu, nani alimwambia mtoto wangu aache fizikia?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta njia. "Mama, tulimsaidia. Wasichana wengi fizikia inawavuta chini. Tulikaa na wale wa kidato cha tatu tukawaambia, chukua dini, chukua biashara, utapanda. Na kweli amepanda. Angebaki na fizikia leo ungekuwa unalia na C-."

"Mimi nalia sasa hivi na C+!"

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Mlimuuliza anataka kusomea nini?"

Alipanga kalamu zake. Halafu akanieleza kwa upole sana, upole ule ambao watu wenye tai wanautumia kwa watu wenye kilemba, kwamba shule inapimwa kwa wastani, wazazi wanaleta watoto kwa ajili ya wastani, na wilaya nzima inaulizana nani amepata ngapi. Mzazi mmoja mmoja hawezi kuelewa. Nikamwambia basi amrudishe mtoto darasani, arudie kemia na aanze fizikia, nitalipa karo. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Shule yao haichukui wanaorudia. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama dirishani, upande wa geti lenye bango, na mimi nikaelewa kwamba anayerudia angeweza kuushusha ule mshale.

Nilitoka bila kuaga, soda nikaiacha. Pale getini nilisimama mbele ya bango lile nikautazama mshale wao. Binti yangu alikuwa mle ndani ya mshale, amesukumwa juu pamoja na wenzake.

Miezi ile ya kungoja nafasi za chuo kutoka serikalini, baada ya yeye kujaza kozi ambazo mashine ilizikubali, ilikuwa mirefu. Kila mtu aliyekuja kibandani alikuwa na ushauri. Mama wa viatu alisema C+ ni C+, msichana achukue chochote, digrii ni digrii. Mwenzangu wa kanisani, ambaye mtoto wake alikuwa na C, alinipiga jicho na kusema wengine wanapewa nyama na wanalalamika haina chumvi. Nilimwambia ale hiyo nyama yeye. Tukawa hatusalimiani kwa wiki kadhaa, mpaka mume wake alipougua.

Kaka yangu alikuja kutoka Mulanda, kule Uganda, na gunia la karanga. Yeye ndiye mjomba mkubwa, mtu wa sauti, alisoma mpaka Senia Sita, kidato cha sita cha Uganda, zamani zile na mpaka leo hajatuacha tusahau. Alimwita binti yangu akamkalisha mbele yake, akauliza masomo moja moja kama daktari anayebonyeza tumbo. Alipofika kemia akapiga ulimi.

"Dada, mi nakwambia kweli," akasema. "Hii C+ yenu, ukivuka nayo kwa sisi, haiko kitu. Haiko hata Senia Sita. Kwa chuo ya manesi wataleta macho kwa kemia na fizikia, hapo kwisha."

"Kwa hiyo umekuja kuniambia hilo tu?"

"Ngoja. Kwa sisi hakuna mutoto nakataa fizikia. Hata nalia, hata nagalagala, nasoma tu. Fizikia, kemia, bayo, zote lazima. Mi namuchukua huyu, nakwenda na yeye Mulanda, naingia Senia Tatu, nafanya mtihani ya Senia Ine. Akipata sayansi yake, kwa manesi nafungua."

Nilidhani anatania. Senia Tatu! Huko ni kushuka hadi kidato cha tatu, na darasa limejaa watoto waliokuwa bado wanavaa kaptura yeye akiwa kidato cha kwanza. Mtu aliyechezewa ngoma kanisani, mwenye sifa za yunivasiti, avae sketi na soksi ndefu akaimbe wimbo wa taifa jingine asubuhi? Nilimwambia kaka yangu arudi na karanga zake.

"Mi sijakasirika," akasema, na alikuwa amekasirika.

Jioni, tukichambua mboga, binti yangu aliniuliza kama kwa anko kuna umeme wa kusomea. Nilimjibu kwamba umeme upo lakini akili hakuna. Akaendelea kuchambua.

Halafu majibu ya serikali yakaja. Alipewa nafasi chuo kikuu kimoja cha mbali, digrii ya ualimu, Kiswahili na dini. Ndugu wa baba yake walifurahi upya, simu zikaanza tena. Hata mimi nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilijiambia kwamba huyu atakuwa mwalimu, atapata mshahara, unesi atausahau kama watu wanavyosahau. Nilikwenda kununua sanduku.

Nilipolileta nyumbani alilitazama, akasema, "Mama, mimi siendi."

"Huendi wapi?"

"Sitaki kuwa mwalimu wa dini. Nitamfundisha nani, na mimi dini niliichukua ili wastani upande? Nataka kwenda Mulanda."

Sijawahi kumpiga binti yangu akiwa mkubwa, na siku ile nusura nimpige. Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia kuna watoto wanaolilia hiyo barua, kuna wazazi wanaouza ng'ombe. Nilimwambia akienda Senia Tatu watamcheka kijiji kizima cha mjomba wake na mtaa mzima wa kwetu, na watakaonicheka zaidi ni mimi, maana mimi ndiye niliyecheza. Alisubiri nimalize. Hana hasira zangu, sijui alizitupa wapi.

"Wacha wacheke," akasema. "Mimi sikufeli, Mama. Lakini unesi nilifeli, na hakuna aliyeniruhusu kulia."

Baba yake alipopigiwa simu alisema hiyo ni kurudi nyuma, trela haiwezi kurudi nyuma kwenye foleni ya malori ya mpakani Malaba. Kina mama wa kanisa walituma wajumbe wawili kuniuliza kama kuna mtu ametuloga. Shangazi yake alisema ni Uganda inayomvuta, wasichana wakivuka wanaolewa. Nilimtetea binti yangu kwa wote hao kwa ukali mkubwa, kisha nikarudi nyumbani nikamgombeza kwa maneno yale yale niliyokuwa nimewazuia wao wasimwambie. Sikukubali. Nilichoka tu kubishana na mtu ambaye habishi.

Shule za kule zilipofungua mwaka nilivuka naye, sanduku lile lile likiwa kwenye pikipiki ya mbele. Kulikuwa na kazi ya kulinganisha vyeti vyake vya Kenya na vya Uganda, kaka yangu akazunguka nayo ofisi baada ya ofisi, na kila ofisi ikashangaa. Mwalimu mmoja aliitazama ile C+ akauliza kama ni nzuri au mbaya. Nikamwambia ni wastani.

Nilimwona akiingia darasani. Alikuwa mrefu kuliko wote, sketi mpya imemfika magotini vibaya. Watoto waligeuka wote kwa pamoja. Mmoja alimsalimia "shikamoo" akidhani ni mwalimu wa mazoezi kutoka chuoni, darasa likaangua kicheko. Yeye pia alicheka, akakaa dawati la nyuma. Mimi nililia njia nzima mpaka Busia, na dereva wa pikipiki akaniuliza kama nimetoka mazishini.

Wiki zikapita. Nilikuwa nampigia kaka yangu tu, sikutaka kuongea na binti yangu, na kama mtu akiniuliza yuko chuo gani nilisema yuko Uganda, nikageuza mazungumzo. Haukuwa uongo kamili. Watu wakadhani ni chuo kikuu, na mimi nikawaacha wadhani.

Jumamosi moja, kibanda kikiwa kimejaa, simu ya kaka yangu ikaingia, na aliyekuwa anaongea ni binti yangu.

"Mama, uko bize?"

"Niko na watu. Sema."

"Juzi tulikuwa maabara. Nimeshika bureti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mrija wa kioo, mrefu, una koki huku chini. Unaweka dawa ndani, unaiachia tone kwa tone, mpaka maji yaliyo chini yageuke rangi. Nimepatia, Mama. Mwalimu amesema nimepatia kuliko wote."

Nilikuwa na kitenge begani na mteja ananivuta mkono. Nikamjibu kwa ubaridi, ule niliokuwa nimeuhifadhi kwa wiki zote zile. "Sasa hicho si hata kule kwetu kipo? Si mlikuwa mnafanya kemia?"

Akashusha sauti.

"Kipo. Lakini dawa zilikuwa kidogo, kwa hiyo waliokuwa wanaitwa maabara ni wale wa juu, wale watakaoleta A. Sisi tulikuwa tunachorewa ubaoni."

"Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Na hujawahi kuishika?"

"Niliishika siku ya mtihani. Walituwekea kila mtu yake. Sikujua koki inafunguliwa upande gani. Nilifungua vibaya dawa yote ikamwagika kabla sijaandika kitu, na nikaogopa kuomba nyingine."

Mteja aliuliza bei. Nilimpa mgongo. Nilikuwa nimegombana na naibu mwalimu mkuu kuhusu fizikia, nimegombana na kanisa, nimegombana na mtoto mwenyewe kwa sababu ya D- yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza ile D- aliipataje.

"Lakini sasa najua," akaendelea, anacheka. "Inageuzwa hivi, Mama, kidogo kidogo. Tazama, hivi."

Alikuwa ananionyesha kwa mkono, yeye Mulanda na mimi Busia, na mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo kwa shule ile, sikumwambia hata kwamba simwoni.